The Hague, Arusha, Dakar au nyumbani: kesi ya uhalifu wa kivita ipelekwe wapi?

Kazi yangu ya kila siku hapa Mbeya ni usaidizi wa kisheria: mirathi, mipaka ya mashamba, matunzo ya watoto. Mwezi uliopita mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge Mwanjelwa alinikalisha kwenye benchi lake, akasukuma doti kadhaa pembeni ili nipate nafasi, akaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa tangu nianze kazi hii. Ametokea Mongbwalu, mji wa dhahabu huko Ituri. Kaka yake aliuawa hapo Novemba 2002, wapiganaji walipouteka mji. Mjomba wake alikuwa ameshauawa mwaka uliotangulia, barabarani kuelekea Bunia.

"Mwanangu," aliniambia, "watu wanasema kuna korti ya Wazungu, kuna ile ya Arusha, na kuna ya kwetu Kongo. Ningekuwa mimi wa kuchagua, nichague ipi?"

Nilimwomba wiki mbili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomrudishia, nikiwa nimeyapanua kidogo, kwa sababu kwenye barabara hii ya Makambako mpaka Tunduma wapo wengine wenye swali kama lake ambao hawajapata wa kumuuliza.

Kabla ya yote, kuna mahakama mbili zinazochanganywa na hizi, na inafaa tuziweke kando. Ipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo iko The Hague, lakini inaamua kesi za nchi dhidi ya nchi. Mwaka 2005 ilisema Uganda ilikosa kwa yaliyotendeka Kongo, Ituri ikiwemo, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kizimbani. Halafu ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo pia hushughulika na serikali. Mwaka 2014 viongozi wa Afrika walikubaliana kule Malabo kwamba mahakama ya bara ipewe uwezo wa kuhukumu watu binafsi, ila itifaki ile inahitaji kuridhiwa na nchi 15 na bado haijafika hapo. Isitoshe, inawakinga marais walio madarakani. Kwa swali la mama huyu, zote mbili hazimsaidii.

Mkataba mmoja, vifungu viwili

Mimi kwetu ni Iringa, kwa hiyo nikisikia habari ya mkubwa kushtakiwa kwa makosa ya vita, mawazo yangu huenda Kalenga. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una vifungu viwili ambavyo kila Mhehe angepaswa kuvisoma pamoja. Cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa Waingereza, ndani ya miezi 6, fuvu la Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. (Kifungu hicho hicho kinadai pia Msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina.) Kurasa chache kabla yake, cha 227 kilitaka Kaisari Wilhelm II mwenyewe afikishwe mbele ya majaji 5, kutoka Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani.

Fuvu lilichelewa miaka 35. Lilirudi Juni 1954, Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kaisari hakufika mahakamani kamwe. Alikuwa amekimbilia Uholanzi, Uholanzi ikakataa kumtoa, akaishi Doorn akipasua kuni na kupokea wageni mpaka alipofariki 1941. Nchi hiyo hiyo iliyomficha ndiyo leo inayohifadhi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, pamoja na mahabusu yake.

Nimesimama mara nyingi mbele ya kile kisanduku cha kioo cha Kalenga. Watoto wa shule huinama kulitazama fuvu kwa karibu mpaka pumzi zao zinaacha ukungu kwenye kioo, na mwangalizi anafuta kwa kitambaa. Kila mara najiuliza: kama mkataba ungekuwa na mkono wa kukamata, je, tungekuwa na kesi badala ya fuvu peke yake? Ndiyo maana katika ulinganisho huu swali la nani atamkamata mtuhumiwa nimelipa uzito kuliko mengine.

Kosa lilitendeka lini na wapi

Hili ndilo la kuuliza mapema, maana linaweza kufunga milango mitatu kati ya minne (ICC, Arusha, mahakama mchanganyiko na nyumbani) kabla hujakaa.

ICC ilizaliwa na Mkataba wa Roma wa 17 Julai 1998 na ikaanza kazi 1 Julai 2002. Yaliyotendeka kabla ya siku hiyo haigusi. Kwa hiyo kaka wa mama huyu, aliyeuawa Novemba 2002, yumo. Mjomba, aliyeuawa 2001, hayumo, hata kama aliyewaua ni mtu yule yule na bunduki ni ile ile. Nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu, na sikuwa na neno la kumfariji. Tena inategemea nchi: Kongo iliridhia mkataba 2002, na Tanzania pia mwaka huo huo. Rwanda haijawahi kujiunga. Burundi ilijitoa Oktoba 2017. Nchi isiyo mwanachama huguswa ikiwa raia wake ametenda kosa ndani ya nchi mwanachama, ikikubali yenyewe, au Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likiipeleka, kama lilivyofanya kwa Darfur 2005 na Libya 2011.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa makosa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilikuwa na uzio mkali zaidi. Iliundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama, Novemba 1994, na ilihukumu makosa ya mwaka 1994 pekee. Ilifungwa mwisho wa 2015, na yaliyobaki yakachukuliwa na chombo kidogo chenye ofisi Arusha na The Hague. Watu wengi wa huku kwetu bado wanadhani "korti ya Arusha" ipo inasubiri kesi za Kongo. Haipo, na kwa Kongo haijawahi kuwepo. Naiweka kwenye ulinganisho kwa sababu ni mfano wa aina ya mahakama inayoweza kuundwa tena.

Mahakama mchanganyiko ni zile zinazoundwa kwa makubaliano, majaji na sheria zikitoka ndani na nje. Freetown ilipata yake 2002 kwa ajili ya vita vya Sierra Leone. Dakar ilipata yake 2013 kwa mapatano ya Senegal na Umoja wa Afrika ili kumhukumu Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990. Angalia miaka hiyo: ICC isingeweza kumgusa kabisa.

Mahakama za nyumbani hazina uzio wa 2002. Kuua raia asiye na silaha kulikuwa kosa Kongo kabla ya Mkataba wa Roma kuandikwa. Kama mjomba ana mlango wowote, ni huo.

Nani atamkamata

Mkataba wa Roma hauna polisi. ICC ikitoa hati ya kukamatwa, inaituma kwa nchi wanachama na kungoja. Omar al-Bashir alitolewa hati Machi 2009 akiwa rais wa Sudan. Juni 2015 aliingia Afrika Kusini, nchi mwanachama, akahudhuria mkutano wa Umoja wa Afrika, na akaondoka kwa ndege yake wakati mahakama ya Pretoria ikiwa bado inasikiliza ombi la kumzuia. Aliangushwa 2019, na mpaka leo hajafika The Hague.

Mkasa wa Bosco Ntaganda unamhusu mama yetu moja kwa moja, kwa sababu wapiganaji walioingia Mongbwalu walikuwa wa kundi lake. Hati yake ilitoka 2006. Badala ya kukamatwa, 2009 aliingizwa kwenye jeshi la serikali akiwa na cheo cha jenerali, akaishi Goma waziwazi. Machi 2013, kundi lake la wakati huo likiwa limegawanyika na yeye hana pa kukimbilia, aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali na kuomba apelekwe The Hague. Yaani mtu aliyesakwa miaka 7 alijileta. ICC ilimtia hatiani Julai 2019 kwa makosa 18, yakiwemo mauaji ya padre mmoja wa Mongbwalu aliyoyatenda kwa mkono wake mwenyewe, na ikampa miaka 30.

Arusha ilikuwa na nguvu zaidi upande huu. Kwa kuwa iliundwa na Baraza la Usalama, kila nchi duniani ililazimika kuisaidia, na ilifikia kushtaki watu 93. Waziri mkuu wa serikali ya wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Jean Kambanda, alikamatwa Kenya, akakiri, akahukumiwa kifungo cha maisha 1998. Hata hivyo Félicien Kabuga, tajiri aliyetuhumiwa kuyafadhili mauaji hayo, alijificha mpaka Mei 2020, akakamatwa Ufaransa akiwa mzee, na 2023 majaji wakasema afya yake haimruhusu tena kusimama mahakamani. Miaka 26 ya kujificha ilimshindia kesi.

Dakar haikuhitaji kumsaka mtu. Habré alikuwa anaishi pale pale Dakar tangu 1990, kwenye jumba lake. Kilichokosekana ni utashi wa serikali ya Senegal, na huo ulikuja 2012, baada ya serikali kubadilika na baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuiambia Senegal imhukumu au imtoe. Alipokataa kuingia mahakamani, walinzi walimbeba juujuu wakamketisha.

Na nyumbani? Nyumbani kukamata ni rahisi, kazi ni kushikilia. Madereva wetu wanaopita Lubumbashi wanalijua jina la Gédéon Kyungu, kiongozi wa wanamgambo aliyetisha Katanga kaskazini. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo huko Kipushi Machi 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, naye akatoka na mamia ya wafungwa. Akarudi kuvitisha vijiji vile vile, ambako wahanga wake walikuwa bado wanaishi.

Muda: mfano wa vijana wawili wa Acholi

Watu hupenda kusema The Hague ni kobe. Nilikuwa nikisema hivyo hata mimi, mpaka nilipowaweka Waganda wawili wa kabila la Acholi bega kwa bega. Dominic Ongwen na Thomas Kwoyelo wote walitekwa na LRA, waasi wa Joseph Kony, wakiwa watoto wadogo, wote wakakua ndani ya kundi lile mpaka wakawa makamanda. Kwoyelo alikamatwa 2009 na akabaki Uganda, chini ya kitengo cha Mahakama Kuu kinachoshughulikia makosa ya kimataifa. Ongwen alijisalimisha Januari 2015 na akapelekwa ICC. Ongwen alitiwa hatiani Februari 2021 na akapewa miaka 25. Kwoyelo alitiwa hatiani Agosti 2024, huko Gulu, na akapewa miaka 40. Yaani aliyebaki nyumbani alikaa rumande miaka 15 bila hukumu, na aliyepelekwa mbali alihukumiwa ndani ya miaka 6.

Ila nyumbani pia kunaweza kwenda mbio. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 wanajeshi waliingia Fizi, Kivu Kusini, wakabaka wanawake wengi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilifunga safari, ikakaa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma yetu. Tarehe 21 Februari, wiki 7 tu baadaye, luteni kanali aliyeongoza kikosi kile alipewa miaka 20, wanawake wale wakisikia kwa masikio yao. Miaka 3 baadaye mahakama nyingine ya kijeshi ilishughulikia ubakaji wa Minova, pia Kivu Kusini: kati ya wanajeshi 39 walioshtakiwa, waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa 2. Nchi ile ile, sheria ile ile. Mahakama ya nyumbani inategemea mno nani anaisukuma na nani anaizuia wiki hiyo.

Shahidi atalala wapi

Mama yangu mdogo aliwahi kutoa ushahidi wa kesi ya ng'ombe hapa mkoani, na kwa miezi 3 hakwenda kisimani peke yake. Ng'ombe tu. Fikiria ushahidi dhidi ya mtu mwenye jeshi.

Kesi ya kwanza kabisa ya ICC ilikuwa ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la Ntaganda, aliyeshtakiwa kwa kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Januari 2009 shahidi wa kwanza, kijana, aliketi The Hague. Alianza kueleza jinsi alivyochukuliwa njiani akitoka shule, halafu siku hiyo hiyo akasema si kweli, alifundishwa la kusema. Wiki 2 baadaye alirudi, mpangilio wa chumba ukiwa umebadilishwa ili asitazamane na mshtakiwa, akasimulia upya. Kumtoa kijana Ituri, kumpandisha ndege, kumketisha kwenye chumba cha vioo mbele ya mtu aliyemwogopa maisha yake yote: kosa hapo halikuwa la kijana. Mwishoni majaji waliukataa ushahidi wa vijana kadhaa kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa umewaachia watu wa kati kazi ya kuwatafuta mashahidi. Lubanga alitiwa hatiani 2012 na kupewa miaka 14, lakini kwa sehemu kubwa kwa ushahidi mwingine, zikiwemo video.

Kesi za Kenya ziliishia pabaya zaidi. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto ikasitishwa Aprili 2016, mashahidi wakiwa wamejitoa au wamebadilisha kauli mmoja baada ya mwingine. Mshtakiwa akiwa ndiye mwenye serikali, umbali wa The Hague haumlindi shahidi aliyebaki kijijini.

Arusha ndiko ninakoona mfano bora. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, akieleza mambo mengine, alitaja aliyotendewa binti yake. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo lile, hakumpita, aliuliza. Mashahidi wengine wakafuata, mashtaka yakarekebishwa, na Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na ubakaji ukahesabiwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Wanawake wale walifika kwa safari fupi kutoka nchi jirani, wakasema kwa Kinyarwanda, wakarudi kwao. Ukaribu ule una thamani ambayo haionekani kwenye bajeti.

Fidia

Hapa usidanganyike na mtu yeyote. Mahakama ya Arusha haikuwa na fungu la kuwalipa wahanga. Ilifunga wakosaji, basi. ICC inaweza kuamuru fidia, na ina mfuko wa wahanga unaotegemea michango. Kwa shambulio la Bogoro, kijiji cha Ituri, katika kesi ya kamanda Germain Katanga, wahanga 297 walipewa dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Kwa Ongwen, Februari 2024 majaji walitaja euro 750 kwa kila mhanga, na wahanga wakakadiriwa kuwa karibu 50,000. Ukijumlisha na misaada ya pamoja, inapita euro milioni 52, fedha ambazo mkosaji hana. Dakar iliamuru faranga bilioni 82 kwa wahanga 7,396 wa Habré, kisha miaka ikapita bila wao kuona kitu, wengine wakafa wakingoja. Kongo nako mahakama huamuru fidia kubwa, mara nyingine serikali yenyewe ikiwajibishwa, na wanaolipwa ni wachache mno. Kama sababu yako ni fidia peke yake, hakuna mahakama ya kuitegemea kati ya hizi.

Haki ya mshtakiwa

Najua mama huyu hakuuliza hili, na wahanga wengi hawapendi kulisikia. Lakini hukumu isiyo na utetezi wa kweli haidumu. ICC haina adhabu ya kifo, na Arusha haikuwa nayo. Arusha iliwaachia huru watu 14, na baadhi yao walikaa miaka katika nyumba moja pale Arusha kwa kukosa nchi ya kuwapokea. ICC ilimpa Jean-Pierre Bemba, Mkongo ambaye wapiganaji wake walitenda uhalifu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, miaka 18, halafu rufaa ikamwachia 2018. Ni uchungu kwa wahanga wa nchi hiyo, na bado ningependa mahakama inayoweza kukiri imekosea kuliko mahakama ya kijeshi ambayo mwendesha mashtaka na jaji wote wanavaa gwanda moja.

Ningechagua vipi

Kama mkosaji ni mdogo, askari au kamanda wa kijiji, mpeleke nyumbani. ICC ina majaji 18 na huchukua watu wachache, wale wa juu. Rwanda ilielewa hili: Arusha ilihukumu wakubwa, na mahakama za gacaca, mpaka zilipofungwa Juni 2012, zilipitia karibu kesi milioni 2 za majirani dhidi ya majirani, kwenye nyasi za kijiji, pamoja na kasoro zao.

Kama mkosaji ana madaraka leo, nyumbani hakuna kesi. Hapo ni ICC, na kungoja siku aanguke. Hati ya ICC haina muda wa kuisha, na jina lake linabaki limeandikwa.

Kama ameshaanguka na anaishi nchi nyingine, tazama mahakama za nchi aliko. Ufaransa ilimpa Mnyarwanda Pascal Simbikangwa miaka 25 mwaka 2014. Ujerumani, huko Koblenz, ilimpa afisa wa usalama wa Syria, Anwar Raslan, kifungo cha maisha Januari 2022, makosa yakiwa yametendeka Damascus. Njia hii haijulikani sana huku kwetu, na ingefaa wakimbizi waifahamu.

Lakini kama ningekuwa na uwezo wa kuunda, ningeunda ya Dakar. Majaji Waafrika, barani Afrika, mhanga anasafiri kwa pasipoti ya kawaida, rais wa zamani anabebwa na walinzi weusi kama yeye hadi kizimbani. Bajeti yake ya kuanzia ilikuwa takriban euro milioni 8.6, na hukumu ikatoka ndani ya mwaka mmoja tangu kesi ifunguliwe. Ituri inastahili kitu kama hicho. Inachohitaji ni jirani mmoja atakayekubali kuwa mwenyeji na asilegee, na sioni kwa nini jirani huyo asiwe Tanzania, iliyokwisha kuwa mwenyeji wa kesi za Rwanda kwa miaka 20.

Nilirudi Mwanjelwa Alhamisi. Nilimweleza mama kuwa kwa kaka yake kesi imekwisha: Mongbwalu imo ndani ya hukumu ya Ntaganda, na Ntaganda anatumikia kifungo chake Ubelgiji. Kilichobaki upande huo ni fidia, na nikamsisitizia asimpe mtu senti kwa ajili ya fomu, kwa sababu mhanga halipii kuomba. Kwa mjomba nikamwambia ukweli, kwamba ni mwendesha mashtaka wa Kongo tu, na atahitaji maelezo yaliyoandikwa mapema kabla walioona hawajafa.

Alitoa daftari la mauzo chini ya vitenge, akalifungua kurasa za nyuma. Tukaandika. Ukurasa wa kaka ulijaa: siku, mtaa, rangi ya shati, jina la aliyemzika. Wa mjomba una mistari minne. Tumeacha nafasi chini, kwa sababu shangazi yake yuko hai Bunia, na Jumapili baada ya misa atampigia simu.